Tikiti za Mchezo Usiochezwa



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za sala, zaka, ndoa na malezi ya watoto, nami sikudhani hata siku moja ya kuwa nitashika kalamu kuandika habari za tikiti za mpira. Lakini jambo hili lilinijia nyumbani kwangu, hapa Tunduma, likaketi pamoja nasi mkekani wakati wa futari, nami nikaona si vema kulinyamazia. Naamini limeingia katika nyumba nyingine pia, ila wenye nyumba hawakulitambua.

Kwanza niseme neno moja kwa wale ndugu zetu wanaoona kwamba mpira wote ni upuuzi na mtazamaji wake amekwisha potea. Mimi si mmoja wao. Twajua katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume s.a.w. akamsitiri Bi Aisha nyuma yake ili atazame, wala hakumharakisha mpaka alipotosheka mwenyewe. Kutazama mchezo, basi, si dhambi. Neno liko katika sala inayopotezwa, katika matusi, katika kamari, na, kama nilivyokuja kujifunza nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, katika namna mtu anavyoupata mlango wa kuingilia.

Mtu wa Tunduma apendaye mpira ana taabu asiyoijua mtu wa Dar es Salaam. Sisi tuko mpakani kabisa. Ukivuka uko Nakonde, nchi ya Zambia. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko zaidi ya kilomita 900 kutoka kwetu. Mtu wa Temeke aweza kuamka, akanywa chai yake, akaenda kwa miguu mpaka uwanjani, na akikosa nafasi akarudi kulala kwake. Wa kwetu hufunga safari siku moja au mbili kabla, kwa basi, au kwa treni ya TAZARA ikiwa siku zake zimeafikiana, hali hana hakika kama atapata pa kukaa. Uwanja ule, uliofunguliwa mwaka 2007, huchukua watu 60,000. Na siku wanapokutana watani wa jadi, Yanga iliyoanza mwaka 1935 na Simba iliyoanza mwaka 1936, watu 60,000 si kitu. Wanaotaka kuingia ni nchi nzima.

Zamani tikiti ilikuwa kipande cha karatasi, na karatasi huigizwa. Siku hizi iko kadi iitwayo N-Card. Mtu huinunua kadi, akaitia pesa kwa simu, akachagua mchezo na upande wa viti: mzunguko kwa sisi watu wa kawaida, VIP kwa wenye uwezo. Siku ya mchezo huigusisha kadi yake kwenye mashine mlangoni, naye hupita. Kwa hiyo mtu aliyeketi Tunduma aweza kuwa na nafasi yake Dar es Salaam kabla hajapanda basi. Hilo ni jambo jema sana, na msomaji ambaye haja yake ni kujua njia tu, basi njia ndiyo hiyo: nunua mapema, nunua mwenyewe, kwa kadi iliyo mkononi mwako.

Lakini wako wengi katika mji wetu wasioyaweza mambo ya simu. Wapo wazee, wapo wachuuzi wa mahindi, wapo wapakiaji wa mizigo, na wengine wanajua kupokea pesa tu, zaidi ya hapo ni giza. Hao humtafuta kijana wa kuwafanyia. Mmoja wa vijana hao ni mwanangu wa pili, ambaye ana kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu karibu na stendi.

Ilikuwa siku za mwanzo za mwezi wa Ramadhani mwaka 1446, yaani Machi ya mwaka 2025. Mchezo wa Yanga na Simba ulikuwa umepangwa tarehe 8 Machi, saa 1:15 usiku, maana yake wafungaji wangefuturu hapo hapo vitini kwa tende na maji. Nilipita kibandani kwake baada ya sala ya alasiri kutafuta chenji, nikaona ndani ya sanduku lake kadi kumi zimefungwa kwa mpira.

Nikamwuliza, "Hizi ni za nani?"

Akasema, "Ni tikiti, baba. Nilizinunua mapema. Wenyewe watazichukua kesho kabla ya safari."

Nikamwuliza kiasi anachouza. Akasema shilingi 15,000 kila moja. Nayo ilikuwa zaidi ya maradufu ya alivyonunua. Nikarudi nyumbani kichwa kikiniuma, wala si kwa saumu.

Baada ya futari nilimweka kitako. Nilimwambia ya kuwa alilolifanya ni ulanguzi, na kwamba Mtume s.a.w. amewalaumu wanaohodhi bidhaa ili bei ipande. Nikamwambia pia nilivyosoma, kwamba huko Uingereza sheria ya mwaka 1994 imefanya kuuza tena tikiti ya mpira pasipo ruhusa kuwa kosa la jinai. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, hiyo ya pili ni sheria ya Waingereza. Na hiyo ya kwanza, wewe mwenyewe ndiye uliyetusomesha chuoni ya kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii kuhodhi kulikoharamishwa ni kuhodhi chakula. Tikiti ni chakula? Na yale magunia mawili ya mahindi yaliyoko stoo, uliyonunua wakati wa mavuno, si unangoja mwezi wa pili uyauze?"

Wasomaji, nawaambieni kweli, nilinyamaza. Nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na ni furaha kubwa mwanafunzi akikumbuka somo, ila si furaha hivyo akikukumbusha wewe. Ningeweza kumjibu kwamba anayenunua wakati wa wingi na urahisi hafanani na anayenunua wakati wa uhaba ili awabane watu. Lakini yeye naye alinunua kabla ya uhaba. Kitabu kilikuwa upande wake, au walau hakikuwa upande wangu kwa uwazi niliotaka. Moyo wangu haukukubali, lakini moyo wa mtu si dalili.

Aliyetutoa hapo ni mama yao. Alikuwa akikusanya vyombo, na daftari la kijana lilikuwa limefunguka hapo mkekani. Akasema, "Nyie mmebishana kwa vitabu. Mimi nauliza hesabu. Kadi mnasema kumi. Majina humu nimehesabu kumi na manne. Hawa wanne pesa zao wametoa?"

Wametoa, akajibu kijana.

"Na tikiti zao ziko wapi?"

Ziko Dar es Salaam, akasema, kwa rafiki yake mmoja ambaye atawakabidhi karibu na uwanja. Nikamwuliza kama ameziona. Hakuziona. Nikamwuliza kama huyo rafiki amemwambia kwamba amekwisha nunua. Amesema atanunua.

Hapo sikuwa na haja ya kufikiri. Hakim bin Hizam, r.a., alikuwa mfanyabiashara, na watu walimjia wakitaka kitu asichokuwa nacho. Yeye hupatana nao bei kisha akaenda sokoni kukitafuta. Alipomwuliza Mtume s.a.w., alikatazwa asiuze asicho nacho. Hadithi hii kijana aliijua. Akainamisha kichwa, akasema kwamba watu walimsihi, kadi zilimwishia, na hakutaka kuwavunja moyo. Naamini alisema kweli. Wengi wetu hatuanzi kwa nia ya kudhulumu. Huanza kwa kuona haya kusema "sina".

Nikamwambia awarudishie wale wanne pesa zao usiku ule ule. Lakini wawili walikuwa wamekwisha ondoka kwa basi, na wale wengine wawili alikwenda kuwatafuta asiwapate. Akampigia rafiki yake simu, akaahidiwa kwamba yote yako tayari. Ijumaa usiku simu ya rafiki ikawa haipokelewi. Jumamosi alfajiri, wakati wa daku, ikawa imezimwa kabisa. Mwanangu hakula daku ile. Watu wanne, watatu kati yao wafungaji, walikuwa wametoka mwisho wa nchi kwa ahadi yake, na jioni wangesimama mlangoni mikono mitupu.

Kisha ikatokea ile habari ambayo nchi nzima inaijua. Siku ile ile ya tarehe 8 Machi mchezo uliahirishwa. Maelfu ya watu, wengine wamelala njiani, wakageuza kurudi makwao. Mwanangu alipopata habari alikuja mbio mpaka madrasani, akanikuta nasahihisha mbao za watoto, akasema, "Alhamdulillahi, baba! Mungu amenisitiri."

Nimelisikia neno hilo la kushukuru mara nyingi katika maisha yangu, wala sijapata kulisikia likanitisha kama siku ile.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Hakuna aliyeingia uwanjani, basi hakuna aliyezuiwa. Wale wanne walimtafuta rafiki yake wasimwone, lakini walipopata habari ya mchezo kuahirishwa waliacha kumtafuta. Walirudi Tunduma wakiamini kwamba tikiti zao zilikuwapo, na kwamba hasara yao ni hasara ya kila mtu. Wangeendelea kuamini hivyo mpaka kufa kwao. Pesa zenyewe, shilingi 60,000, alizila yule rafiki, kwa hiyo kijana naye alijiona amedhulumiwa na anastahili kuhurumiwa. Aliniuliza, "Nikawaambie nini watu ambao hawana malalamiko?"

Sikumjibu pale. Usiku, tuliporudi kutoka tarawehe, nilimwambia tupite njia ndefu, na njiani nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama yake.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi na sita. Mwaka ule Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, walitwaa ubingwa wa nchi nzima, nasi vijana wa nyanda hizi, ambazo zote zilikuwa Mkoa wa Mbeya kabla ya Songwe kuwa mkoa mwaka 2016, tulikuwa kama watu waliopagawa. Siku moja baba alinipa pesa kamili ya tikiti nikatazame mchezo katika mji mmoja, ambao sitautaja. Tulikuwa wanne. Mlangoni alisimama mtu mmoja, naye akatuambia kwa sauti ya chini kwamba tukimpa nusu ya bei atatupitisha mlango wa pembeni. Tukampa. Nusu iliyobaki nikanywea soda na kula maandazi, na nilipofika nyumbani nilimsimulia baba mchezo wote kwa furaha, mabao na vishindo, naye akacheka. Marehemu baba alikufa akijua kwamba alininunulia tikiti.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikumdhulumu mtu, maana nani alikosa kitu? Uwanja haukupungua, wala mchezo haukupungua. Sikujua wakati ule ya kuwa mlango wa uwanja ni hesabu ya roho za watu. Tarehe 28 Mei mwaka 2023, Yanga walipocheza na USM Alger ya Algeria fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, watu walisongamana katika uwanja ule wa Dar es Salaam hata mtu 1 akafa na wengine 30 wakaumia. Mwezi wa Agosti mwaka 2025, katika mashindano ya CHAN, watu wasio na tikiti waliingia kwa nguvu uwanja wa Kasarani, Nairobi, mpaka shirikisho la mpira la Afrika likapunguza idadi ya watazamaji, na wenye kutaka kununua kwa haki wakakosa. Anayepita pembeni hukalia nafasi ya mtu asiyemjua.

Mwanangu alisikiliza. Baadaye akauliza, "Na wewe, baba, ulikwenda kulipa?" Nikasema sijakwenda. Akasema, "Basi twende wote."

Asubuhi ya pili tulianza. Wa kwanza ni mchuuzi wa mahindi huko Mpemba. Alipoelezwa alicheka mpaka akashika kiuno, akasema, "Kumbe ningelia getini na maradio yote yanasikia!" Akakataa pesa, tukamlazimisha, akachukua.

Wa pili si Mwislamu. Ni mzee wa Kinyamwanga, mtu wa kanisa, tena mwenye heshima mtaani. Nakiri kwamba nilitamani kumpita yeye, nikihofu atakavyosema juu ya chuo chetu na kanzu zetu. Alisikiliza kimya. Kisha akasema, "Ustadhi, pesa ya tikiti napokea. Na nauli yangu je?" Hapo tuliduwaa. Mimi niliona nauli haimlazimu kijana, maana mzee angesafiri tu hata kama tikiti ingekuwa ya kweli, na mchezo haukuchezwa kwa kila mtu. Shehe mmoja niliyemwuliza baadaye, huko Vwawa, alisema hivyo hivyo. Lakini kijana alitoa nusu ya nauli pale pale, kwa hiari yake, na yule mzee akampa mkono.

Wa tatu alikuwa kijana mwenzake, mpakiaji wa mizigo wa mtaa wa Sogea. Huyo alihesabu pesa zake mara mbili, akasema, "Vizuri. Sasa nimejua wewe ni mtu wa namna gani." Akaondoka. Tangu siku ile hatoi wala haweki pesa kibandani kwa mwanangu, na amewazuia wenzake. Mwanangu amepoteza wateja wengi kwa ukweli ambao hakuna aliyemtaka auseme, nami siwezi kumwambia kwamba hakupoteza.

Kuhusu zile tikiti kumi za kweli alizouza kwa faida ya maradufu, hatukukubaliana mpaka leo. Yeye amebaki na kitabu chake nami na moyo wangu. Lakini njia yake ameibadili: sasa mteja huleta kadi yake mwenyewe, pesa yake mwenyewe, kijana humfanyia kazi machoni pake na kupokea ujira wa shilingi 1,000. Huo ni uwakala, na malipo yake ni halali isiyo na shaka. Mchezo ulipochezwa hatimaye tarehe 25 Juni mwaka 2025, Yanga wakashinda kwa mabao 2 kwa 0, alikuwa amewanunulia watu sita kwa njia hiyo. Mimi sina timu, ila mama yao alifurahi kupita kiasi.

Mwezi wa Julai nilikwenda katika ule mji wa mwaka 1986. Wanavyuoni husema mwenye haki asipojulikana, haki yake hutolewa sadaka kwa ajili yake. Lakini uwanja bado upo, na dirisha la tikiti bado lipo, nikaona bora nipeleke pale pale. Siku ile ilikuwako mechi ndogo. Nilimweleza binti aliyekaa dirishani kwamba nadaiwa tikiti moja ya zamani sana. Akaniangalia, akasema, "Mzee wangu, hapa tunauza za leo tu." Basi nikanunua ya leo, nikaichana mbele yake, nikaenda stendi kutafuta basi la Tunduma. Sijui kama shilingi za leo zinatosha kwa shilingi za wakati ule. Hilo nimemwachia Mwenye kuhesabu.

Amebaki wa nne. Huyu alikuwa utingo wa malori yaendayo Zambia mpaka Kongo. Aliporudi kutoka Dar es Salaam alipita Tunduma usiku mmoja tu, akavuka, na simu yake haipatikani tena. Tumeuliza kwa madereva upande wetu na upande wa Nakonde. Pesa zake, shilingi 15,000, ziko katika bahasha ndani ya kabati langu la vitabu, na juu yake kijana ameandika jina lake. Kila mwezi tunauliza tena. Kama yeye mwenyewe atasomewa maneno haya mahali popote, au kama msomaji amjua utingo aliyenunua tikiti ya mpira katika kibanda cha karibu na stendi ya Tunduma, Ramadhani ya mwaka 1446, namwomba amwambie apite madrasani baada ya alasiri. Anikute mimi au amkute mama watoto, bahasha atapewa.